Sauti na Mahali Pake: Historia Fupi ya Zana za Kufungamanisha Masimulizi na Ardhi

Mtu akitoka kwetu Kakiika na kuishika barabara kuu iendayo Masaka, hachukui muda mrefu kabla hajafika Biharwe. Hapo ndipo, kwa mujibu wa masimulizi ya watu wa Nkore, jeshi la Mukama Olimi wa Bunyoro lilipogubikwa na giza mchana kweupe, likatishika, likakimbia na kuacha nyuma ng'ombe lililokuwa limewateka. Wanahistoria wengi hulihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520, na leo pamesimamishwa mnara wa kumbukumbu. Kisa hicho tumekisoma vitabuni mara nyingi. Lakini mara ya kwanza tulipokisikia kutoka kinywani mwa mzee mmoja, tukiwa tumesimama pale pale kilimani, tulijikuta tunainua macho kulitazama jua. Katika miaka yetu yote ya kukifundisha darasani hatujapata kumwona mwanafunzi akitazama juu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi binadamu alivyojaribu kutengeneza zana za kufanya kazi ya mzee yule wakati mzee mwenyewe hayupo: zana zinazoiweka sauti mahali fulani, ili mpita njia aisikie akifika hapo na asiisikie akiwa pengine. Wataalamu wa kompyuta huihesabu kazi hii kuwa tawi la kile wanachokiita uhalisia ulioongezwa. Jina hilo linatisha kidogo. Maana yake ni kwamba mtu anaona na kusikia dunia kama ilivyo, na juu ya dunia hiyo huongezewa kitu kingine. Hapa kinachoongezwa si picha bali ni sauti. Tumeamua kuliandikia jambo hili kwa sababu limetugusa sisi wenyewe, kama tutakavyoeleza, na kwa sababu walimu wa lugha wanahusika nalo zaidi kuliko wanavyodhani.

Sauti iliyofungwa mahali si kitu kigeni huku kwetu. Katika miji midogo mingi ya Uganda huonekana mlingoti mrefu wenye vipaza sauti viwili vitatu juu yake, vinavyoelekezwa pande zote. Waganda huviita ebizindaalo. Chini yake, katika chumba kidogo, hukaa mtu mwenye kipaza sauti, akitangaza mtoto aliyepotea, msiba, chanjo, ama bei ya mahindi. Sauti hiyo haitoki nje ya mtaa, na kwa hiyo mtangazaji husema "kule kwenye mwembe" bila kufafanua zaidi, akijua kwamba kila anayemsikia anaujua mwembe huo. Redio ya masafa marefu haiwezi kusema hivyo. Sharti ieleze mwembe upi, wa kijiji kipi, katika wilaya gani.

Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya jambo hili lilianza mwaka 1952, katika jumba la Stedelijk la mjini Amsterdam. Nyaya zilitandazwa kuzunguka vyumba, zikarusha matangazo hafifu ya redio, na kila mgeni akapewa kipokezi na kisikizi cha sikioni. Wote walisikia maneno yale yale kwa wakati mmoja, kwa hiyo kundi zima lilitembea kwa hatua moja kama askari gwarideni, na aliyetaka kukaa mbele ya picha aliyoipenda hakupata nafasi hiyo. Miaka mitano baadaye, huko Marekani, nyumba ya marehemu Rais Franklin Roosevelt katika Hyde Park ilipata kanda iliyosimuliwa na mjane wake, Eleanor. Huyu hakuwa mtaalamu wa majengo. Alikuwa mwenye nyumba akimtembeza mgeni kwake, na hiyo ni tofauti kubwa.

Kaseti, na hasa kile chombo kidogo cha Walkman kilichotolewa na kampuni ya Sony mwaka 1979, vilimpa kila msikilizaji mwendo wake mwenyewe. Kazi iliyotuvutia kuliko zote za enzi hiyo ni ile ya gereza la kale la Alcatraz, lililo kisiwani karibu na San Francisco. Tangu mwaka 1987 wageni wa gereza hilo wamesikilizishwa sauti za waliokuwa askari jela na waliokuwa wafungwa, kila mmoja akieleza yaliyompata, huku mgeni akisimama mbele ya vyumba vile vile walimofungiwa watu. Watengenezaji wangeweza kumwajiri mwigizaji mwenye sauti tamu. Hawakufanya hivyo, na tunaamini kwamba uamuzi huo ndio uliokifanya kisa kidumu. Mwaka 1991 msanii wa Kanada, Janet Cardiff, akaenda mbali zaidi: alitembea msituni huko Banff huku akinasa sauti yake, hatua zake na pumzi zake, kisha akampa msikilizaji kanda hiyo aifuate njia ile ile. Waliosikiliza kazi zake za namna hiyo husema kwamba aghalabu hugeuka nyuma, wakidhani kuna mtu anayewafuata.

Kasoro ya kanda, hata hivyo, ni kwamba haijui msikilizaji yuko wapi. Inamwambia "sasa geuka kushoto", na kama yeye amesimama kufunga kamba ya kiatu, basi wamekwisha kuachana. Mwaka 1995 Mmarekani Benjamin Bederson alieleza chombo chake cha majaribio kilichoziba pengo hilo. Alibandika darini vitoa miale isiyoonekana kwa macho. Mgeni akifika chini ya kimojawapo, chombo alichokibeba hutambua mahali hapo na kucheza kipande kinachohusika. Hapo zana ikaanza kumfuata msikilizaji, badala ya msikilizaji kuifuata zana.

Nje ya jumba, chini ya mbingu, kazi hiyo ilisubiri setilaiti. Mfumo wa GPS wa Wamarekani ulikuwapo, lakini kwa makusudi ya kijeshi ishara waliyopewa raia ilikuwa imepotoshwa kiasi kwamba kosa la meta 100 lilikuwa la kawaida. Mwanzoni mwa Mei 2000 upotoshaji huo ulikomeshwa kwa amri ya Rais Clinton, na kosa likashuka hadi meta 20 au chini ya hapo. Mkutubi wa kijiji hawezi kufanya lolote kwa kosa la meta 100, maana nyumba ya chifu, kisima na kanisa vyote vimo ndani ya duara moja. Kwa meta 20 anaweza kuvitenga.

Mji wa Bristol, Uingereza, uliiona faida hiyo mapema. Mwaka 2004 watafiti wa kampuni ya Hewlett-Packard na wenzao waliandaa mchezo wa kusikilizwa katika uwanja wa Queen Square, mahali ambapo palitokea ghasia kubwa mwaka 1831, watu walipodai haki ya kupiga kura. Msikilizaji alivaa hedifoni na kubeba kompyuta ndogo yenye GPS. Kila pembe ya uwanja ilikuwa na sauti zake, mara mwizi, mara mwanamke anayelia, mara askari wa farasi. Watafiti hao baadaye waliigeuza zana yao kuwa programu iliyoitwa mscape, wakaitoa mwaka 2007 ili mtu yeyote, hata asiyejua kuandika msimbo wa kompyuta, aweze kutunga kazi ya namna hiyo.

Tueleze kidogo inavyofanya kazi, kwa kuwa programu zote zilizofuata zina umbo hilo hilo. Mtunzi huifungua ramani, huchagua mahali, na kuchora duara. Ndani ya duara huweka faili la sauti. Simu ya msikilizaji hupokea ishara za setilaiti kila mara na kujikokotolea mahali ilipo, na ikishaingia ndani ya duara, sauti huanza, ikitoka, sauti hufifia. Kazi ngumu ni kuamua ukubwa wa duara na kujua la kufanya pale maduara mawili yanapoingiliana. Programu za juu zaidi huongeza mwelekeo. Sauti itokayo kushoto hulifikia sikio la kushoto kabla ya la kulia, na ingawa tofauti hiyo haifiki hata elfu moja ya sekunde, ubongo huitumia kujua mlio umetoka wapi. Programu huiigiza tofauti hiyo katika hedifoni, huku ikisoma dira iliyomo ndani ya simu, hata msikilizaji akigeuza mwili wake na simu yake, sauti ya mzee hubaki pale pale kwenye mti.

Hapo tuingize neno juu ya njia nyingine, ya kimaskini lakini ya busara, kwa sababu wasomaji wetu wengi wanafundisha mahali ambapo bando la intaneti ni ghali na simu ni za kitochi. Mwaka 2003 vijana wa mji wa Toronto, Kanada, walibandika mitaani vibao vyenye umbo la sikio, kila kimoja na namba ya simu. Mpita njia alipiga namba hiyo, akasikia mkazi wa mtaa akieleza yaliyotokea pale aliposimama. Hapakuhitajika setilaiti wala programu ndani ya simu. Kilichohitajika ni kibao, namba, na mtu mwenye jambo la kusema.

Baada ya simu za kisasa kuenea kuanzia mwaka 2007 na 2008, zana ziliota kama uyoga baada ya mvua. Huko London ilitokea RjDj, iliyopokea makelele ya barabarani kwa maikrofoni ya simu na kuyageuza kuwa muziki papo hapo. Huko Cape Town ikaanzishwa VoiceMap, inayompa mwandishi wa kawaida zana ya kuitunga njia yake ya kutembea na kuitoa kwa wasikilizaji wa nchi nyingi. Tunajivunia kuitaja, kwa kuwa ni ya bara letu. Kampuni ya Microsoft ikatoa Soundscape mwaka 2018, kwa ajili ya vipofu hasa, ikiwaitia majina ya barabara na majengo kutoka upande ambako vitu hivyo viko kweli. Majina hayo yalitoka katika ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote, na ambayo makazi ya wakimbizi ya Uganda nayo yamechorwa ndani yake, kwa sehemu na wakimbizi wenyewe.

Sasa tufike Nakivale, ambako kisa chetu wenyewe kilitokea. Makazi hayo ya wakimbizi yako kusini yetu, katika wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi walipoikimbia Rwanda, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo ndio wengi, kisha wamo Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Lugha inayowaunganisha sokoni na kisimani ni Kiswahili. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Na hadi leo wengi wa wanafunzi wetu wa Mbarara hukiona kama lugha ya mtihani. Nakivale hakuna anayehitaji kuagizwa.

Miaka michache iliyopita, baada ya kupata kibali, tulikwenda huko na wanafunzi wetu kunasa masimulizi ya wazee. Nia yetu ilikuwa kuyaweka katika ramani, ili anayepita ukingoni mwa ziwa asikie nani alifika hapo kwanza na palikuwaje. Tulinasa wazee kumi na saba. Lugha ilizua mabishano mara moja. Wazee wa Kongo husema batoto, bintu, mutu. Mwenzetu mmoja, mwalimu hodari na mpenzi wa Kiswahili sanifu, alishauri maneno yao yaandikwe upya kisha yasomwe na mtu mwenye matamshi safi, wanafunzi wasije wakapotoka. Tulikataa, tukamkumbusha habari ya Alcatraz. Wanafunzi waliandika maneno kama yalivyotamkwa, na kando yake wakaandika sanifu yake. Zoezi hilo liliwafundisha ngeli kuliko mwezi mzima wa ubaoni.

Jambo la pili hatukulitarajia. Zana yetu ilidai kila sauti ipewe mahali, latitudo na longitudo, na sisi tulikwisha kuamua kwamba mahali hapo ni pale tulipomkuta msimulizi. Mama mmoja mzee kutoka Fizi, Kivu Kusini, alisimulia jinsi walivyokuwa wakiogelea na kufua nguo mtoni Mutambala alipokuwa msichana. Alipomaliza alituuliza sauti yake itakaa wapi. Tukamwonyesha katika simu: hapa, kando ya nyumba yake.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Muiweke kwetu, pa mto. Hapa mimi niko mupita njia tu."

Tulimweleza kwamba huku Nakivale hakuna atakayeisikia ikiwekwa kule. Akasema anajua, na kwamba mjukuu wake atarudi siku moja. Basi tukarudi kwa wote kumi na saba kuwauliza swali ambalo tulipaswa kuwauliza tangu mwanzo. Tisa walitaka sauti zao zibaki Nakivale. Mmoja wao, aliyefika akiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mamaye, alishangaa hata kuulizwa. Wanane walitaja mahali pengine, na wawili kati ya hao walitaja mahali ambapo hawakutaka mtu apasikie mpaka wao wafe. Zana haikuwa na kitufe cha ombi hilo.

Tuliitumia programu ya bure ya kampuni moja ya nchi za nje. Tuliipakia kazi yote humo, na kwa ujinga wetu tukazifuta sauti nyingi katika simu ili kupata nafasi. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilileta barua pepe ya Kiingereza kwamba huduma ya bure itafungwa baada ya siku tisini. Anwani tuliyojisajilia ilikuwa ya mwenzetu aliyekuwa amehamishwa; barua ilisomwa siku zikiwa zimekwisha. Kati ya sauti kumi na saba, tano tu zilipatikana, na zilipatikana kwa sababu mwanafunzi mmoja alizihifadhi katika kadi ya simu yake bila kutuambia. Wazee watatu kati ya waliopotea sauti zao walikuwa wamekwisha kufariki.

Hapo ndipo tulipoanza kuisoma historia tuliyoieleza hapo juu, na tukakuta kwamba msiba wetu si wa peke yetu. Ile mscape ya Bristol iliachwa na wenyewe baada ya miaka michache tu. Detour, iliyoanza San Francisco mwaka 2014 kwa sifa kubwa, ilinunuliwa na kampuni ya Bose mwaka 2018. Bose nayo ikautangaza mpango wake wa sauti za namna hii mwaka huo huo, na mwaka 2020 ikauacha. RjDj haipo. Soundscape ilisimamishwa na Microsoft mwaka 2023, lakini hapo pana tofauti: kampuni iliutoa msimbo wake hadharani, na wengine wakautumia kuendeleza programu hiyo kwa majina mapya, vipofu wasibaki njia panda. Kanda za Alcatraz zimehama kutoka kaseti hadi vyombo vya kidijitali pasipo sauti za wale watu kupotea, kwa kuwa tangu mwanzo kanda zilikuwa kitu kimoja na chombo cha kuzichezea kitu kingine. Sisi tuliviunganisha, kisha tukamkabidhi mtu baki vyote viwili.

Kwa hiyo sasa tunafanya kazi kwa namna nyingine. Kila sauti huhifadhiwa katika kadi tatu, zinazokaa kwa watu watatu. Maandishi yake, ya matamshi ya msimulizi na ya Kiswahili sanifu, yamo katika daftari la kawaida. Mahali pake tumepaandika kwa tarakimu na pia kwa maneno, mathalani "hatua arobaini kutoka kisimani, upande wa ziwa", kwa sababu tarakimu moja ikikosewa hukupeleka katikati ya maji. Masharti ya msimulizi yameandikwa mbele ya yote. Programu ya kuyachezesha hayo bado hatujaichagua, na hatuna haraka.

Sauti ya yule mama wa Fizi ilikuwa miongoni mwa zile tano. Tulipompelekea habari hiyo, tulimkuta amekaa na mjukuu wake, tukaifungua ramani ili tupate tarakimu za mahali pake. Kijana aliupata mto Mutambala upesi, akaufuata kwa kidole mpaka unapoingia katika Ziwa Tanganyika. Bibi yake alitazama kwa muda mrefu, akasema si huko chini, ni juu zaidi, penye mawe. Ramani haikuonyesha mawe. Walibishana kwa Kibembe, ambacho hatukijui, kidole kikipanda na kushuka, mpaka wakakubaliana mahali. Kisha mama akauliza kama duara linaweza kupanuliwa, maana mto huhama. Tuliandika meta 200.